Waya wa Breki na Nyuzi za Besi

Mwezi Oktoba mwaka 2024 nilipanda basi dogo hapa Nachingwea kwenda Ruangwa, gitaa la besi nimelipakata mapajani kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Abiria waliniamkia kwa heshima, kisha wakalitazama gitaa, kisha wakanitazama tena mimi. Mzee wa miaka sabini na saba, mkuu wa chuo cha ualimu mstaafu, anakwenda wapi na gitaa? Kijana mmoja akauliza kama nampelekea mjukuu. Nikamjibu kwamba ni langu mwenyewe. Akacheka, nami nikacheka naye, safari ikaendelea.

Gitaa hilo nililinunua mwaka 2007 nilipostaafu, kwa sehemu ndogo ya kiinua mgongo changu. Marehemu mke wangu alinung'unika siku mbili tatu, kisha akanyamaza, maana alijua kwamba kabla ya ualimu, na kabla ya ndoa, nilikuwa mpiga besi. Lilikuja na nyuzi nene na nzito, nami nilizipenda kwa sauti yake. Lakini miaka haimwonei mtu haya. Viungo vya vidole vyangu vya mkono wa kushoto vilianza kuvimba asubuhi, na nyuzi zile zikawa kama fito za chuma. Mganga wa hospitali alinishauri nisiache kuvitumia vidole, ila nipunguze nguvu. Mjukuu wangu anayesoma Ujerumani alipopata habari akanitumia pakiti ya nyuzi nyepesi, zenye umbo bapa kama zile za zamani, ambazo hazikwaruzi vidole.

Wasiojua watadhani kubadili nyuzi za gitaa ni kazi ya dakika kumi. Kubadili nyuzi za aina moja kwa nyingine za aina hiyo hiyo ni kazi ya dakika kumi kweli. Kubadili nzito kwa nyepesi ni jambo jingine, maana gitaa zima lilikwisha kuzoea mzigo wake. Nikauliza mjini ni nani anayeiweza kazi hiyo. Kila niliyemwuliza alinitajia mtu mmoja tu, fundi wa Ruangwa. Jina lile nililijua. Nilikwisha kuliandika katika barua, mwaka 1983, na kutia sahihi yangu chini yake.

Msomaji aniruhusu nirudi nyuma kidogo kabla basi halijafika.

Nilizaliwa mwaka 1947, mwaka ule ule Waingereza walipoanza mradi wao mkubwa wa karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo, na hapa kwetu Nachingwea. Mapori yalifyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani, mji ukachipuka. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilikubali kuwa mradi umeshindwa. Karanga hazikutoka za kutosha kulipa hata sehemu ndogo ya gharama. Baada ya uhuru hata reli yenyewe iling'olewa. Moja ya mashamba yale, Shamba Namba 17, likaja kuwa kambi ya mafunzo ya wapigania uhuru wa FRELIMO hadi Msumbiji ilipojitawala mwaka 1975. Nayataja haya kwa sababu moja. Sisi tuliokulia Nachingwea tulikulia katikati ya mashine zisizo na vipuri. Tulijifunza mapema kwamba kitu cha kigeni kikiharibika, kitapona kwa kitu kingine kilichoharibika.

Nilipokuwa kijana, kati ya mwaka 1965 na 1968, muziki wa dansi ulitufikia kwa redio. Shirika la utangazaji lilikuwa limefanywa mali ya serikali mwaka 1965 na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Tuliwasikia Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964, na majirani zetu wa pwani Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande. Baadhi ya bendi za zamani zilitumia lile besi kubwa la mbao, refu kuliko mtu, ambalo mpigaji hulikumbatia akiwa amesimama. Miaka ile ya 1960 besi la umeme likachukua nafasi yake. Lilibebeka, lilisikika mpaka nje ya ukumbi, na kijana mmoja mwembamba aliweza kulipanda nalo juu ya lori.

Chombo hicho kilikuwa kipya duniani kote. Leo Fender wa Marekani alianza kuuza gitaa la besi la umeme aliloliita Precision mwaka 1951, mwaka ule ule karanga zilipotushinda hapa. Nyuzi za magitaa ya namna hiyo, kwa miaka zaidi ya kumi ya mwanzo, zilikuwa karibu zote bapa. Uzi wa besi una kiini cha chuma cha pua, na juu yake huzungushiwa waya mwingine ili upate uzito. Waya huo wa juu ukiwa wa mviringo, uzi huwa na mikunjo midogo midogo kama skrubu. Ukiupitisha kidole unakwaruza na kulia. Waya huo ukiwa umebanwa ukawa kama utepe, uzi hutoka laini kama upande wa kisu, na sauti yake ni nzito, fupi, na ya duara. Ndiyo sauti iliyosikika katika rekodi za Motown za mji wa Detroit, alikopiga James Jamerson, mtu aliyesifika kwa kutobadili nyuzi zake mpaka ziharibike kabisa. Paul McCartney naye alilinunua Höfner lake la Kijerumani mjini Hamburg mwaka 1961, nalo lilikuwa na nyuzi bapa. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Rotosound ya Uingereza, ikishauriana na John Entwistle wa kundi la The Who, ikaeneza nyuzi za mviringo zenye mlio mkali kama wa piano, na ulimwengu mwingi ukahamia huko.

Sisi Nachingwea hatukujua lolote kati ya hayo. Besi la bendi yetu ya vijana lilifika kutoka Lindi likiwa limetumika, lina nyuzi tatu laini, na pengo la uzi wa nne. Tulidhani nyuzi zote za besi duniani ni laini. Tulichojua ni kwamba uzi mnene kuliko wote, ule unaobeba wimbo mgongoni, ulikuwa haupo, na duka lenye uzi wa namna hiyo lilikuwa Dar es Salaam, mbali kuliko fedha zetu.

Mkubwa wetu katika bendi alisema waya wa breki utafaa. Msomaji kijana atafikiri ni breki ya baiskeli. Baiskeli zetu za wakati ule nyingi zilikuwa na breki za fito za chuma, si za waya. Waya ulikuwa kwenye pikipiki. Ndipo usiku mmoja wa mwaka 1967, wawili kati yetu tukaingia katika karakana moja ambako pikipiki ilikuwa imelala muda mrefu, tukauchomoa waya wake. Tulijiambia kwamba ile ni takataka. Hatukumwuliza mtu. Mmoja wa wale wawili alikuwa mimi.

Waya wa breki ni nyuzi ndogo nyingi zilizosokotwa pamoja. Ukiukaza utatoa sauti, lakini butu, isiyotulia, na unakula mbao na freti, vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni mwa gitaa, kama msumeno. Hata hivyo tulicheza nao mwaka mzima. Tulicheza arusini na katika sikukuu za Saba Saba, amplifaya ikila umeme wa betri ya gari. Vidole vyangu vilikuwa na sugu ngumu kama kwato.

Mwaka 1969 nikaenda kusomea ualimu, na besi likabaki kwa wengine.

Sasa nifike mwaka 1983. Nilikuwa na miaka 36, ni makamu wa mkuu katika chuo kimoja cha ualimu, na kwa miezi kadhaa nikawa nakaimu ukuu wa chuo. Walioishi miaka ile wanaikumbuka. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, fedha za kigeni hazikuwapo, na mafuta, sabuni, sukari na vipuri vilitafutwa kwa foleni na kwa kujuana. Nyuzi za gitaa hazikuwa hata katika orodha ya vitu vya kukosekana, kwa kuwa hakuna aliyezifikiria. Bendi kubwa zilikuwa na mashirika nyuma yake: NUTA Jazz ilikuwa imekwisha kuwa ya JUWATA, Mlimani Park ilikuwa na DDC, majeshi yalikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, na shirika ndilo lililohangaika. Bendi ya wanafunzi wa ualimu haikuwa na shirika.

Tulikuwa na besi moja pale chuoni. Mpigaji wake alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili, kijana mrefu, mpole, aliyeweza kuusikiliza wimbo wa Sikinde redioni mara moja akautoa mstari wa besi wa Suleiman Mwanyiro, yule waliyemwita Kompyuta, bila kukosea. Jumamosi moja ya mwaka 1982, katika jioni ya burudani, wanachuo waliniomba niwasimulie ujana wangu. Nikawasimulia kisa cha waya wa pikipiki. Nilikisimulia kwa mbwembwe, na ukumbi mzima ukacheka. Nakumbuka kijana yule hakucheka sana. Aliuliza swali: waya ulifungwaje mwisho wake ili usichomoke kwenye daraja la gitaa? Nikamweleza. Nilizungusha mkono hewani kumwonyesha fundo.

Mwaka uliofuata uzi mnene wa besi la chuo ukakatika. Chuo kilikuwa na pikipiki moja, ndiyo gari letu, posta yetu na benki yetu. Asubuhi moja mtarishi wetu aliipanda, akateremka mlima, akabana breki ya mbele, na mkono wa breki ukaja mzima mzima mpaka kwenye usukani bila kushika kitu. Alitokea katika shamba la mihogo, amechubuka uso na mkono. Namshukuru Mungu hayakuwa makubwa zaidi. Jioni ile ile waya ulionekana kwenye besi. Ulikuwa umefungwa kwa fundo langu.

Kijana hakukana. Kamati ya nidhamu iliketi, mimi nikiwa mwenyekiti. Mmoja wa wajumbe alimwuliza ni nani aliyemfundisha kutumia waya wa breki. Akatazama sakafu. Akaulizwa mara ya pili. Akasema, "Nimejitungia mwenyewe." Wajumbe wengine hawakuwapo jioni ile ya burudani, au walikuwa wamesahau. Mimi nilikumbuka, nikanyamaza. Nikaandika katika kumbukumbu kwamba mtuhumiwa amekiri.

Adhabu zilikuwa nyingi za kuchagua. Tungeweza kumkata fedha, kumpa kazi za mikono, kumsimamisha wiki mbili. Lakini ule ulikuwa mwaka 1983. Tangu mwezi Machi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, nchi nzima ilikuwa katika vita dhidi ya wahujumu uchumi. Kila gazeti, kila mkutano, kila barua ya wilaya ilikuwa na neno hujuma. Vita ile ilikuwa na sababu zake, maana walanguzi walikuwapo kweli na watu waliumia. Lakini neno kubwa likitumika kila siku, huanza kujiandika lenyewe. Mimi nilikuwa nakaimu, nilitaka kuthibitishwa kazini, na sikutaka mtu aseme chuo changu kinalea uzembe. Nikaandika kwamba mwanachuo huyu anafukuzwa chuo kwa "hujuma ya mali ya umma". Ilikuwa imebaki miezi mitatu afanye mtihani wake wa mwisho.

Laiti ningeandika "amechukua waya wa pikipiki bila ruhusa", ingekuwa kweli tupu, na mahali pengine wangempokea. Kwa neno lile hakuna chuo kilichomfungulia mlango. Nilijua hivyo miaka miwili baadaye, barua ya chuo kingine iliponijia kuuliza habari zake. Nilijibu kwa sentensi moja: kwamba kumbukumbu zilizopo faili zinajieleza. Hapo nilikuwa nimethibitishwa kazini.

Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na alipokuja Rais Ali Hassan Mwinyi mwaka 1985 mlango ulifunguka zaidi. Polepole nyuzi za gitaa zikaonekana madukani. Nimewahi kuhesabu: laiti uzi ule ungekatika miaka mitatu baadaye, kijana yule angekuwa mwalimu.

Basi likafika Ruangwa. Ruangwa niliyoijua zamani ilikuwa sehemu ya wilaya yetu. Tangu mwaka 1995 ni wilaya yenyewe, ina ofisi zake, soko lake na kelele zake. Karakana ya fundi ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Ukutani yametundikwa magitaa, vinanda na spika zilizopasuliwa. Alinyanyuka aliponiona. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko zangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umenijua?"

"Ningekosaje kukujua, Mwalimu? Karibu uketi."

Hakuuliza habari nyingine. Alilitoa gitaa katika mfuko wake, akaliegemeza begani, akafumba jicho moja na kuitazama shingo yake kwa urefu, kama seremala anavyotazama ubao. Kisha akazichukua nyuzi mpya, akasoma pakiti, akaleta kipimo. Uzi wangu mnene wa zamani ulikuwa elfu za inchi 110, yaani karibu milimita 2.8. Mpya ulikuwa 96, yaani milimita 2.4 na kidogo. Aliponiona nahesabu kwa vidole akatabasamu. "Hesabu, Mwalimu," akasema.

Nilihesabu. Padri Mfaransa Marin Mersenne alikwisha kuyaeleza mambo haya mwaka 1636: urefu wa uzi ukiwa ule ule na sauti ikiwa ile ile, mvuto unafuata uzito wa uzi. Na uzito, kwa nyuzi za umbo moja, unafuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Tofauti ya 110 na 96 machoni ni ndogo kama unywele, lakini mvuto unapungua karibu robo. Nyuzi nne nzito za besi huvuta shingo ya gitaa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 80. Ni kama mtu mzima ananing'inia hapo usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana ndani ya shingo kuna ufito wa chuma unaovuta upande wa pili, ili mbao isipinde. Mzigo ukipungua ghafla, ufito ule unabaki bila mpinzani, shingo inapinda kinyumenyume, na nyuzi zinalala juu ya freti zikikwaruza. Mtu asiyejua atasema nyuzi nyepesi ni mbovu.

Alifanya kazi polepole. Hakuzifungua nyuzi zote kwa pamoja. Aliondoa mmoja, akaweka mmoja, ili shingo isishtuke. Uzi bapa, aliniambia, haukatwi kama uzi wa kushonea. Kwanza unaupima mpaka kwenye sikio lake la kukazia, unaacha urefu wa kuzunguka mara mbili au tatu, kisha unaukunja kwa pembe kali pale utakapoingia, ndipo unakata mbele ya mkunjo. Ukiukata kabla ya kuukunja, ule utepe wa juu unaweza kufumuka na kuteleza juu ya kiini, na uzi unakufa kabla haujalia. Aliangalia pia kwamba ile sehemu iliyovishwa hariri mwishoni mwa uzi ikae upande wa kichwa, isiguse mahali pa kupigia.

Uzi mnene ulipoingia, ulicheza ndani ya mfereji wake juu ya shingo, maana mfereji ulichongwa kwa uzi mkubwa zaidi. Alikwangua unga wa mfupa wa ng'ombe, akautia mferejini, akaudondoshea gundi, ukakauka, akachonga upya kwa tupa nyembamba. Halafu akaulegeza ule ufito wa ndani, robo ya mzunguko tu, akalilaza gitaa mezani. "Sasa tunasubiri mbao ifikiri," akasema.

Tulisubiri. Aliagiza chai. Nje palikuwa na jua la Oktoba, na mtu alikuwa akipitisha gunia la ufuta kwa toroli.

Nilikuwa nimejitayarisha njiani kwa maneno mengi, kama nilivyozoea kujitayarisha kwa somo. Yote yalinitoka. Nikasema tu, "Ule waya. Nilipaswa kusema kwamba ni mimi."

Alikoroga chai yake muda mrefu. Halafu akasema, "Mwalimu, kuchukua waya lilikuwa kosa langu. Yule mtarishi angeweza kufa. Nilikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake kabla sijaondoka, akanisamehe, tena akanipa nauli. Kufukuzwa sikukulalamikia." Akanyamaza. "Nililolalamikia ni kwamba ulijua fundo lile ni la nani."

Nikamwuliza kwa nini hakusema mbele ya kamati.

"Ulikuwa mwalimu wangu," akasema. "Nilifikiri utasema mwenyewe."

Sikuwa na jibu, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa nalo. Nilimwambia ninaomba radhi. Alisema, "Nimesikia, Mwalimu." Katika lugha yetu, msomaji anajua, "nimesikia" si "nimekusamehe". Ni neno la mtu anayepokea kitu na kukiweka kando ili akitazame baadaye akiwa peke yake. Nililipokea hivyo hivyo.

Aliniambia machache ya maisha yake. Alipiga besi katika bendi mbili, moja ya Mtwara na moja ya Dar es Salaam, alilala mabasini na kumbini, na mwaka 1996 akarudi nyumbani kumwuguza mama yake. Hakupata kufundisha darasani. Lakini nilipokuwa pale waliingia vijana watatu kwa nyakati mbalimbali, mmoja na gitaa la kwaya, mmoja na kinanda kilichoingia maji, mmoja bila kitu chochote, amekuja tu kutazama. Kwa kila mmoja aliacha kazi, akaeleza kisa cha ubovu kwanza, akauliza swali, akangoja jibu. Nimefundisha walimu zaidi ya miaka thelathini, na najua nilichokuwa nakitazama.

Baada ya saa moja alilinyanyua gitaa. Akabana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, akapitisha kadi nyembamba katikati. Ikapita ikigusa kidogo tu, akaridhika. Kisha akasikiliza katikati ya uzi, kwenye freti ya kumi na mbili, mara kwa kuugusa tu, mara kwa kuubana. Sauti mbili zile zinapaswa kuwa moja. Ya kubana ilikuwa juu kidogo, akasogeza kitako cha uzi nyuma kwenye daraja, nusu ya milimita, akasikiliza tena. Alifanya hivyo kwa nyuzi zote nne bila kutumia chombo chochote zaidi ya sikio lake. Mwisho akanipa.

Niliweka vidole. Sikuhitaji kubana, ilitosha kugusa. Sauti ilikuwa ile ya mwaka 1966, kabla ya waya, nyuzi tatu laini na pengo, ila sasa pengo halipo. Ni kweli uzi mwepesi una hasara yake: unatikisika kwa upana zaidi, na ukipiga kwa hasira unagonga freti. Unamtaka mpigaji apunguze nguvu za mkono wa kulia pia. Nilipiga mstari mmoja, kisha wa pili. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na mguu wake ukahesabu.

Nilimwuliza bei. Akasema shilingi elfu ishirini. Nilifurahi kwamba hakusema "acha tu, Mwalimu". Angesema hivyo ningerudi Nachingwea na deni la pili. Nililipa, akanipa chenji kamili. Nyuzi zangu nzito alizikunja kwa duara, akaniuliza kama nazitaka, maana nyuzi bapa hudumu, na kuna kijana wa kwaya mwenye besi lenye uzi mmoja pungufu. Nikamwambia ampe.

Barua ya mwaka 1983 ningependa kuifuta. Nimefikiri kuandika nyingine, lakini sijui ningeipeleka kwa nani. Mtu mwenyewe amekwisha kupita umri wa kustaafu. Hakuna chuo kitakachompokea wala ofisi itakayolifungua faili lile. Kwa hiyo nimeandika hapa, katika kitabu hiki kidogo ambacho wanangu wamekubali kukilipia: kwamba mwanachuo yule alichukua waya wa pikipiki bila ruhusa, kwamba ujuzi huo aliupata kwangu, na kwamba hakuhujumu chochote. Nilimsomea ukurasa huu kwa simu kabla haujakwenda kwa mpigachapa. Aliniomba nirekebishe mahali pamoja, palipohusu unga wa mfupa, nikarekebisha. Juu ya mengine hakusema kitu, ila alinikumbusha kwamba mbao hunywa unyevu wakati wa masika, shingo itasogea tena, na nilirudishe gitaa mvua zikiisha alitazame.

Nitalirudisha.